Muti wa Prunus na mikrobu ya udongo: dawa mbili, hesabu mbili

Mvua ikianza kunyesha kisha siku za jua kali, udongo unatoa ile harufu tunayoijua sisi wote. Kwa sehemu kubwa inatoka kwa mikrobu zinazoitwa Streptomyces. Ziko ndani ya udongo, hata shambani mwako. Mwaka 1943, huko Marekani, Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman, alipata kutoka kwa moja ya mikrobu hizo streptomisini, antibiotiki ya kwanza iliyoweza kupigana na kifua kikuu. Wazee wengi wanakumbuka ile sindano.

Milimani kwetu, kama vile Lubero, kuna muti ambao nao ni dawa: Prunus africana, ndugu ya pichi, wenye maua madogo meupe. Maganda yake yanatumiwa kutengeneza dawa ya wanaume wazee ambao tezi yao chini ya kibofu imevimba, wale wanaoamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa. Tangu miaka ya 1970 Ulaya inayanunua, na Butembo wafanyabiashara wanayajua sana.

Sasa angalia tofauti. Mikrobu ilitolewa kwa udongo kidogo tu, kisha ikafugwa ndani ya mapipa ya kiwanda. Inakula, inaongezeka, siku chache dawa iko tayari. Hakuna mutu anarudi kuchimba shamba la mwenzake. Lakini muti unahitaji zaidi ya miaka kumi mbele ya kutoa maganda ya kuuzwa. Ukiuchuna kuzunguka shina lote, unakufa, sababu chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kwa mizizi kikipitia ndani ya maganda hayo. Wengine wanaukata kabisa, ili wafikie yale ya juu. Ndiyo maana tangu 1995 mkataba wa CITES unadai ruhusa mbele maganda yavuke mpaka.

Tuseme ukweli: ile mikrobu haileti hata franka moja kijijini. Prunus inaleta, ikiwa hai. Mchunaji mwenye akili anatoa maganda pande mbili zinazoelekeana, robo ya mzunguko kila upande, halafu anauacha muti miaka kadhaa upone.

Na mbegu yake haiwekwi ghalani kama maharagi, ikikauka inakufa. Anayetaka miche aokote matunda yaliyoiva, atoe nyama yake, apande juma lile lile.