Kamba Iliyotoka Mgodini

Wiki hii nazungumzia usafiri wa mjini, lakini si ule wa injini na moshi. Nazungumzia kamba.

Andrew Smith Hallidie alizaliwa London mwaka 1836, mtoto wa mvumbuzi aliyeshughulika na kamba za waya. Mwaka 1852 baba na mwana walikwenda California, Marekani, kwenye dhahabu. Baba alirudi kwao mwaka uliofuata. Kijana akabaki, akachimba dhahabu na kujenga madaraja ya kuning'inia.

Mwaka 1856 alikuta mgodi mmoja ukishusha mawe kwa mabehewa yaliyofungwa kamba. Kila baada ya siku 75 kamba zilikuwa zimelika. Hallidie akasokota ya waya, urefu wa mita 370 hivi. Ikadumu miaka miwili! Akafungua kiwanda mjini San Francisco. Akabuni pia njia ya angani: kamba iliyounganishwa ncha kwa ncha, ikizunguka juu ya nguzo na kuvusha mawe ya madini mabondeni.

San Francisco ni mji wa vilima. Magari ya abiria yalivutwa na farasi, na kwenye utelezi wanyama hao walianguka na kuburutwa. Hallidie akaona kwamba kinachovuta mawe kinaweza kuvuta watu.

Shida ilikuwa moja: kamba haisimami, abiria atashukaje? Jibu lilikuwa koleo. Injini ya mvuke ilikaa mahali pamoja, ikizungusha kamba ndani ya mfereji chini ya barabara. Dereva akibana koleo, gari linafuata kamba. Akiachia na kufunga breki, gari linasimama, kamba inaendelea.

Jaribio lilifanyika mtaa wa Clay alfajiri ya Agosti 2, 1873. Inasimuliwa kuwa dereva aliutazama mteremko, akakataa. Hallidie akaliendesha mwenyewe.

Alifariki mwaka 1900. Mwaka 1947 meya alitaka magari ya kamba yaondolewe. Wananchi, wakiongozwa na mama Friedel Klussmann, wakapiga kura yabaki. Njia tatu zinafanya kazi hadi leo.

Naona fundisho ni hili: Hallidie hakuanza na mashine ya kigeni. Alianza na kilichokuwa kikifanya kazi mikononi mwa wachimbaji. Wanaopanga usafiri wa miji yetu nao wawaulize kwanza wanaobeba mizigo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.