Fort Jesus kwa magurudumu: utafika wapi, utaishia wapi

Kama unatumia kiti cha magurudumu na unaishi Magongo, kwenda Fort Jesus ni vita viwili. Vya kwanza viko barabarani.

Nilisimama stejini (haya, nilikaa). Matatu ya kwanza ikapunguza mwendo, makanga akaona magurudumu, akagonga bodi mara mbili: twende! Ya pili ikataka nauli ya watu wawili, mimi na kiti changu. Nikakodi tuktuk. Bei iko juu, lakini sakafu yake iko chini, unajisogeza mwenyewe hadi kwenye siti, na kiti kinakunjwa ubavuni. Tukavuka Makupa hadi Ngomeni.

Na hapa hatuombi huruma. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Hata kabla yake, sheria ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe. Wewe ushawahi kuona matatu yenye rampu huku kwetu? Mimi bado.

Sasa ngome yenyewe. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, mchoro ukiwa wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asiingie, na iliiweza: Waomani waliizingira kutoka Machi 1696, wakaiteka Desemba 1698. Kwa hivyo usitarajie ikutandikie zulia. Njia ya langoni inapanda, enda na mtu mwenye nguvu za mikono. Mimi nilimbeba binamu yangu, yaani yeye ndiye alinisukuma.

Ukishaingia uani, umepata. Ardhi si tailsi, yale magurudumu madogo ya mbele yatakusumbua, ila unazunguka. Mizinga utaiona, na mifupa ya nyangumi. Lakini usiondoke bila kuona vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyokuja kuisaidia ngome wakati wa mzingiro ikazama hapo mbele 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Zaidi ya miaka 270 chini ya maji, mwanangu! Hapo nilikaa hadi binamu akaanza kupiga miayo.

Unapoishia ni kwenye ngazi. Nyumba ya Waomani iko juu, na ile njia iliyochongwa kwenye tumbawe kuelekea baharini inashuka kwa vidato. Binamu alienda akapiga video, nikaitazama kwenye simu. Upepo haumo kwenye video.

Kuna watakaosema jengo ni urithi wa dunia tangu 2011, haliguswi. Sawa, hata mimi sitaki mtu amwage saruji kwenye ukuta wa Cairati. Lakini kule Athens, Acropolis, ambako Parthenon ilianza kujengwa 447 kabla ya Kristo, walizindua lifti mpya Desemba 2020, inapanda ubavuni mwa jabali. Na rampu ya mbao inayowekwa na kuondolewa haitoboi jiwe lolote.

Ukienda, enda asubuhi kabla jua halijashika kasi, na uvae glavu. Wakati wa kutoka ule mpando unakuwa mteremko, na vyuma vya magurudumu vinachoma viganja.