Duma si mnyama: albamu iliyonipa ruhusa ya kupiga kelele

Haya jamani, mliosikiliza kipindi cha wiki hii mlinisikia nikisema kwamba albamu iliyonisaidia zaidi na Kiswahili changu ni albamu ambayo maneno yake hayasikiki. Wengi mmecheka. Mmoja akaniandikia, "Dada, una wazimu?" Pengine. Basi ngoja nieleze taratibu.

Turudi Julai 2020. Nina miaka 17, tunaishi Deira, si mbali na pale jahazi zinapopakia friji na magurudumu kwenda kwingine. Nyanya yangu anafariki Mombasa. Kenya ilikuwa imefunga safari za ndege za abiria kutoka nje tangu mwisho wa Machi, na hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti. Kwa hivyo hakuna kwenda. Nyanya kazikwa siku ileile, na sisi tukabaki na simu. Na mnajua simu zetu za huku: WhatsApp ni ya kuandikiana tu, ukitaka kupiga lazima Botim, na Botim yakatika kila dakika mbili.

Simu ikazungushwa nyumba nzima, kila mtu atoe pole. Ikafika kwangu. Upande wa pili kuna mashangazi, wajomba, watu nisiowajua hata majina. Nikataka kusema nimesikitika sana. Nikasema, "Nimesikika sana."

Kimya kidogo. Kisha mtu akacheka. Si kwa ubaya, nafikiri, maana msiba huchosha na watu hutafuta pa kupumulia. Mwingine akasema, "Maskini, watoto wa Dubai hawa." Nikampa mamangu simu nikaingia chooni. Tangu siku ile nikaacha kabisa kusema Kiswahili. Mama akiniuliza kwa Kiswahili, najibu Kiingereza. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mwezi uliofuata, tarehe 7 Agosti 2020, ikatoka albamu inayoitwa *Duma*, ya bendi inayoitwa Duma. Vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na kutengeneza muziki. Wote walikuwa wametoka kwenye bendi za metali za mjini, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Wakaungana mwaka 2019, Sam akaweka besi chini, wakaenda Kampala wakarekodi albamu yao ya kwanza kwa miezi mitatu kwenye studio ya Nyege Nyege.

Ndiyo, jina la lebo ni hilo. Ukilitamka mezani mbele ya mzazi wa Mombasa au Unguja, jitayarishe kukimbia. Lakini wenyewe hulielezea kwa Kiganda: ile hamu ya ghafla ya kucheza ngoma ambayo huwezi kuizuia. Hata hivyo, mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alijaribu kuzuia tamasha lao, na bado likafanyika.

Na Duma je? Mimi niliona jina nikafikiri, ah, hili nalijua, ni yule mnyama mwenye mbio. Nikafurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani. Kumbe wapi. Wenyewe wamelitoa kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza. Nairobi ndivyo ilivyo: neno moja, mtaa huu lina maana hii, mtaa wa pili ile, na hakuna anayepiga simu kukucheka. Mtu huuliza tu, "Wamaanisha nini?" kisha maisha yanaendelea.

Sasa muziki wenyewe. Kama wewe ni wa Bongo Fleva, au taarabu za harusi, kaa chini kwanza. Ni panki (si ule mtindo wa kunyoa) iliyochanganywa na metali ya kasi inayoitwa graindikoo, halafu ikatiwa kelele za mashine. Ngoma zinatoka kwenye kompyuta, na zinakwenda mbio hata masikio yanaacha kuhesabu. Gitaa languruma kama jenereta ya duka. Juu yake Martin anapiga ukelele, ananong'ona, anabweka, anarudi kwenye ukelele. Hakuna sehemu ya kupumzika, hakuna kiitikio cha kuimba garini. Kuna wimbo unaitwa "Lionsblood", mwingine "Omni", mwingine "Pembe 666".

Kelele si ngeni Dubai. Tamasha la Desert Rock lilileta Iron Maiden hapa mwaka 2007, na bendi ya hapahapa, Nervecell, ikatoa albamu yake ya kwanza, *Preaching Venom*, mwaka 2008. Lakini hao sikuwaona kuwa wangu. Hawa wa Duma walikuwa na lafudhi ya nyumbani hata wakipiga mayowe. Sijui nieleze vipi. Naskia tu.

Nilisikiliza kwa hedfoni, usiku, mto usoni. Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikalia kisawasawa. Nilikuwa nimezuia kilio kwa sababu hata kulia niliona kutahitaji maneno sahihi. Huyu mtu alikuwa analia bila sarufi, na hakuna aliyemsahihisha.

Siku moja hedfoni zikachomoka. Mama akaingia mbio.

"Huyo apigwa ama ana nini?"

"Aimba, Mama."

"Aimba! Wimbo gani huo?"

Nikamwonyesha simu. Akasoma polepole: pembe, sita, sita, sita. Akasema astaghfirullah, kisha, kwa kuwa ni mamangu, akauliza, "Pembe gani lakini? Ya ng'ombe? Ya nyumba? Ya ndovu?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, sikujua. Yeye akakaa kitandani akanieleza pembe zote hizo, kisha akafika kwenye pembe ya chumba alikokuwa akikaa nyanya akisuka ukili, kisha akanyamaza. Tukalia wote wawili na Duma wakiendelea kupiga makelele pale kwenye simu. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Sitawadanganya kwamba mamangu sasa ni shabiki. Akiisikia husema, "Punguza huyo mgonjwa wako." Lakini mimi nilirudi kusema. Nakosea bado. Juzi kwenye kipindi nimesema "mti mkubwa" nikimaanisha mtu mkubwa, na mmenisikia wote.

Martin mwenyewe ameendelea. Mwaka 2024 alitoa albamu yake peke yake, *The Adept*, kwenye lebo yake aliyoiita Haekalu. Ameitunuku kwa nyanya wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, yule field marshal wa Mau Mau aliyekaa msituni miaka akipigana na Waingereza. Nilipolisoma hilo nilielewa kidogo zaidi kile kilio.

Mkitaka kuanza, anzeni na "Lionsblood", sauti ndogo, mchana, na mmwambie mtu nyumbani kwanza. Wasije wakaita ambulensi.

Na kama kuna simu uliyoikata kwa aibu, ipige tena. Kosea. Mimi mwezi uliopita nilimpigia shangazi yuleyule aliyecheka. Nikamwambia lile neno, safari hii kwa makusudi: "Shangazi, nimesikika?"

Akasema, "Umesikika, mwanangu. Sema."

Botim ikakatika. Nikapiga tena.