Kiyoyozi cha gari kikitolewa, kizibwe siku hiyo hiyo

BARABARA ya kutoka Itigi hadi Tabora ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na mwenye pikapu ya kubebea mbolea, tumbaku au asali hakuwa na sababu kubwa ya kuhangaika na kiyoyozi. Kondensa iliziba kwa vumbi, gesi ikavuja, fundi akashauri mfumo wote ung'olewe, vyuma vikatupwa stoo. Kipande cha lami cha Nyahua hadi Chaya, chenye urefu wa kilomita 85.4, kilizinduliwa mwaka 2022. Safari imekuwa ya lami, joto la Oktoba liko pale pale, na mwenye gari anakumbuka kuwa kiyoyozi anacho.

Anapokipeleka kwa fundi ndipo anapoambiwa kuwa kompresa imekufa. Ilitolewa ikiwa nzima. Imefia stoo.

Sababu ni hewa. Kiyoyozi cha gari ni mfumo uliofungwa, na ndani yake oili huzunguka pamoja na gesi. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R134a na oili ya aina ya PAG, ambayo hunyonya maji kutoka hewani. Mrina asali wa Sikonge hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kuwa ndoo ya asali ikiachwa wazi wakati wa mvua huvuta unyevu, na maji yakizidi asilimia 20 asali huweza kuchacha. Oili haichachi, lakini maji yaliyomo husaidia kuzaa tindikali inayokula vyuma kutoka ndani. Maji yakibaki hadi mfumo urudishwe garini, huweza kuganda kwenye vali ya kupunguza shinikizo na kuzuia gesi kupita.

Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi huanza dakika ile ile bomba la kwanza linapofunguliwa. Kabla ya hapo gesi inyonywe kwa mashine iingie kwenye mtungi. Wapo wanaolegeza nati na kuiachia hewani, nao wanakosea mara mbili. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikirukia jicho au kidole huunguza kwa baridi, na kilo moja yake hupasha joto dunia kama kilo 1,430 hivi za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100.

Kila tundu lizibwe kwa kifuniko cha plastiki kinachobana au kizibo cha mpira. Gunzi la mahindi, kitambaa na gazeti, ambavyo ndivyo vizibo vya gereji nyingi, havifai: hupitisha unyevu na kuacha chembe ndani. Tundu lililoachwa wazi pia hupata mpangaji, kwani nyigu hujenga kwa udongo na panya hupenda kulala kwenye sanduku la evapareta.

Kompresa ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo inayostahili uangalifu zaidi. Ibaki na oili yake, au oili ikimwagwa ipimwe na kipimo kiandikwe. Ilazwe kwa mkao ule ule iliokuwa nao kwenye injini. Mara moja kwa mwezi kitovu cha mbele cha klachi kizungushwe kwa mkono mizunguko michache, ili oili ifike kwenye sili ya shafti isikauke. Kuzungusha puli peke yake hakusaidii, kwa sababu klachi ikiwa imeachia, puli huzunguka bila kugusa shafti.

Kondensa na evapareta zioshwe tope kwa nje zikiwa zimezibwa, zikauke, kisha zisimamishwe. Mapezi yake ni laini, na gunia moja likiegemezwa juu yake huyalaza. Mabomba ya mpira yasikunjwe wala kuachwa juani. Draya isihesabiwe kabisa kama mali, maana kazi yake ni kunyonya unyevu na ikishafunguliwa hujaa upesi. Itabidi inunuliwe mpya.

Stoo yenyewe ndiyo kikwazo kwa mkulima wa Urambo au Kaliua. Chumba anachoweka vipuri mara nyingi ndicho chenye mifuko ya NPK na CAN, na mbolea hizo huvuta maji na kuacha chumvi inayotafuna alumini. Kiyoyozi kiwekwe chumba kingine, ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa, juu ya rafu, mbali na betri.

Kukiacha gereji nako kuna hatari yake. Njia hii ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ina kumbukumbu ya mali iliyowekwa kwa mtu: David Livingstone alifika Ujiji mwaka 1871 akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa. Kompresa nayo huweza kuhamia gari la mteja mwingine. Afadhali mwenyewe aende nayo nyumbani, akiwa ameandika aina ya gari, injini, gesi na oili, na boliti zikiwa kwenye mfuko wake.

Anayetaka kukitoa ili kubana mafuta tu arudie hesabu zake. Kikiwa kimezimwa, klachi huachia na kompresa haiibebeshi injini mzigo wowote wa maana. Kukitoa kuna maana injini inapofanyiwa ovaholi, gari linaponyooshwa bodi au linapoegeshwa kwa muda mrefu.

Siku ya kurudisha, bajeti iwe na draya mpya na ringi mpya za mpira zilizopakwa oili ya aina ile ile. Fundi asiye na pampu ya kuvuta hewa asipewe kazi hiyo, kwani mfumo lazima uvutwe nusu saa au zaidi kabla ya gesi kuingia, na gesi yenyewe ipimwe kwa mizani kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.