Giaboksi Inalia Lini?

Mwenye pikipiki mbovu humfikia fundi akiwa na maigizo ya sauti: inafanya "krrr", inafanya "wiii", inafanya "ko-ko-ko". Fundi anayeijua kazi yake humsikiliza mpaka mwisho, kisha humuuliza jambo jingine: inalia lini? Kwenye gia ya tatu peke yake au kwenye zote? Ukibana klachi inanyamaza? Ukiachia mafuta kwenye mteremko inabadilika? Majibu ya maswali hayo ni bora kuliko maigizo yote, kwa sababu sauti hupotoka ikipenya chuma, oili na hewa hadi sikioni, lakini wakati wake haupotoki.

Kwa wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wa Alunguli, maswali hayo ni ya pesa. Alunguli iko ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, na Kasuku na Mikelenge, zile komuni nyingine mbili za mji wa Kindu, ziko ng'ambo ya pili pamoja na stesheni ya reli. Kifaa kisichopatikana huku hubidi kivushwe mto. Tena katika pikipiki ndogo kama Boxer na TVS, giaboksi haikai peke yake, imo ndani ya kasha moja na injini. Ili uone jino moja la gia, injini ishushwe, silinda itolewe, kasha lipasuliwe nusu mbili, na gasketi zinunuliwe upya. Kufungua "tuangalie tu" ni gharama, na mara nyingine pikipiki iliyopasuliwa bila sababu hurudi ikiwa mbaya kuliko ilivyoingia.

Ndani ya kasha hilo kuna shafti mbili zinazolala sambamba. Ya kwanza hupokea nguvu kutoka kwenye klachi, ya pili huipeleka nje kwenye sproketi ya mbele na cheni. Juu ya shafti hizo zimepangwa jozi za gia, na jozi zote zimeshikana meno muda wote. Unapokanyaga gia hubadilishi meno yanayoshikana. Unasogeza gia pembeni kwa foku, ili vinundu vya chuma vilivyochongwa ubavuni mwake viingie katika matundu ya jirani yake na kuifunga kwenye shafti. Kwa hiyo jozi zote huzunguka, lakini mzigo hubebwa na moja tu.

Hapo ndipo ushahidi wa kwanza ulipo. Kelele inayotoka kwenye gia ya tatu tu, na kupungua ukiingiza ya nne, ni ya jozi ya tatu. Kelele iliyomo kwenye gia zote, ikikua na mwendo bila kujali umeingiza ipi, hutoka kwenye kitu kinachotumika na zote: beringi za shafti, cheni, au beringi ya gurudumu. Sasa simamisha pikipiki, weka nyutro, acha injini ingurume polepole. Klachi ikiwa imeachiwa, shafti ya kwanza inazunguka na ya pili imetulia. Bana klachi. Mvumo ukikatika, shuku beringi ya shafti ya kwanza. Ukibaki vilevile, tatizo liko kabla ya hapo: kwenye ndoo ya klachi, au kwenye injini yenyewe. Mshindo mmoja wa "kla!" unapoingiza gia ya kwanza asubuhi usikutishe. Oili baridi ni nzito, sahani za klachi zinakokotana, na vinundu vinagongana kabla ya kushikana. Pikipiki mpya nazo hufanya hivyo.

Wengi huilaumu giaboksi kwa makosa ya cheni. Hesabu ndogo huondoa ubishi. Chukua sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma yenye meno 42: gurudumu likizunguka mara moja, shafti ya pili imezunguka mara 3. Tairi la inchi 17 la pikipiki hizi hupita kama mita 1.8 kwa mzunguko mmoja. Basi ukienda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, mita 1.8 kwa sekunde, gurudumu linazunguka mara moja kwa sekunde. Mshindo mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni wa gurudumu au sproketi ya nyuma. Mishindo mitatu kwa sekunde ni ya sproketi ya mbele au ya gia iliyofungwa kwenye shafti ya pili, pengine yenye jino lililomeguka. Cheni yenye pingili iliyokaza huwa na mdundo wake wa taratibu zaidi: ikiwa na pingili 104, hukamilisha mzunguko kila gurudumu linapozunguka karibu mara mbili na nusu. Hesabu meno ya pikipiki yako mwenyewe, maana sproketi hubadilishwa. Kipimo chenyewe hakihitaji chombo chochote ila barabara tulivu na mtu wa kutembea kando akitazama alama ya chaki kwenye tairi.

Mwendo ukiongezeka, mishindo huungana ikawa mlio. Kwenye kilomita 36 kwa saa shafti ya pili inazunguka karibu mara 17 kwa sekunde, na gia yenye meno 24 inagusanisha meno mara 400 kwa sekunde: hertz 400, sauti ambayo mwimbaji anaweza kuifuata. Ndiyo maana gia iliyochakaa huimba, na wimbo wake hupanda na kushuka pamoja na mwendo.

Huyo Heinrich Hertz ambaye jina lake tunapimia sauti ndiye pia aliyetoa, mwanzoni mwa miaka ya 1880, hesabu ya mkazo unaotokea vitu viwili vya mviringo vinapobanwa pamoja. Inaihusu gia moja kwa moja. Meno mawili hugusana kwenye mstari mwembamba tu, na mzigo wote hupita hapo. Kwa sababu hiyo jino huwa na ngozi ngumu nyembamba juu ya moyo laini. Mkazo ukirudiwa mara mamilioni, ngozi hupata nyufa, kisha vipande hubanduka na kuacha mashimo. Jino lenye mashimo halisugui tena sawasawa, na kuanzia hapo uharibifu huenda mbio.

Kinachochelewesha hayo ni oili. Katika pikipiki za mipigo minne za aina hii, oili ileile hulainisha injini, klachi na gia. Meno huzikatakata molekuli zake ndefu na kuifanya nyepesi kabla rangi haijakuambia. Tafuta chupa yenye alama JASO MA, maana baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze. Yamaha AG100 na DT125 za mipigo miwili ni habari nyingine: oili inayochanganywa na petroli haifiki kwenye gia hata tone. Giaboksi ina oili yake, na wanaorithi pikipiki hizo mara nyingi hawaambiwi.

Halafu kuna maji. Kasha likiwa la moto, hewa iliyo ndani imetanuka. Liingize ghafla kwenye kijito, hewa hupoa, husinyaa, na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Mwenye kwenda mjini Kalima msimu wa mvua afungue nati ya oili akirudi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo.

Unapoimwaga, isugue kati ya vidole. Uji wa kijivu usiokwaruza ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazong'aa na kukwaruza zinataka uangalizi. Vipande bapa, vyenye upande mmoja laini, ni ngozi ya jino.

Bado hujaamini? Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mtetemo wa chuma huingia kwa shida hewani, lakini hupita vizuri ndani ya bisibisi na mfupa. Anza karibu na sproketi ya mbele, hamia upande wa klachi, kisha silinda. Mahali kelele inapokuwa kali kuliko kwingine pamekaribia chanzo. Nywele na mikono ya shati iwe mbali na cheni.

Kuna ugonjwa mmoja usio na kelele nyingi: gia ya pili inayoruka yenyewe ukipanda mlima. Vinundu vyake vimepoteza kona kali, na badala ya kuvutana chini ya mzigo vinasukumana. Dereva huanza kuishikilia gia kwa mguu, na foku inayobanwa kila wakati husagika na kupinda. Mguu uliolala juu ya pedali ya gia unaharibu kuliko matope ya barabarani.

Mvumo wa beringi unaweza kungoja siku chache kifaa kivuke mto. Mishindo mitatu kwa sekunde pamoja na vipande bapa kwenye oili haingoji. Usimpakie abiria, wala usijaribu kufika Kalima kwanza: kipande cha jino kikibanwa kati ya gia mbili, gurudumu la nyuma hufunga papo hapo.