Nani Analilinda Daftari Letu?

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji wa ukurasa huu, wiki hii napenda tuizungumzie kazi ambayo wengi wetu hatujui kama ipo mpaka siku mambo yanapoharibika. Ukifika dirishani ukaambiwa "sistimu iko chini, rudi kesho", ujue kuna mtu ndani anayetoka jasho. Huyo ni msimamizi wa kanzidata.

Kanzidata ni daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Hapa Zanzibar, Sheria Namba 3 ya mwaka 2018 iliunda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kuviweka vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho vya wakaazi chini ya paa moja. Benki nazo zina madaftari yao, na hospitali vilevile. Mtoto anayetaka cheti cha kuzaliwa, au mjane anayedai mirathi, haki yake imo katika mstari mmoja wa daftari hilo. Mstari ukipotea, hubakiwa na maneno matupu.

Mtaani kwetu Mwanakwerekwe yupo kijana anayefanya kazi hii. Simu yake hulia usiku wa manane, hata sikukuu. Nilimuuliza: daftari likigoma, waanzia wapi? Akanijibu kwamba swali la kwanza ni moja tu: tokea jana kimebadilika nini? Kitu kilichokuwa kizima hakiharibiki bure. Ama pana programu mpya imewekwa, ama mtu kagusa mahali, ama mzigo wa kazi umeongezeka.

Swali la pili: anaumia nani? Ikiwa ofisi moja ndiyo iliyokwama na nyingine zinafanya kazi, huenda kosa liko kwenye waya au mtandao, si kwenye daftari. Ikiwa wote wamekwama, hutazama kama diski imejaa. Jambo hili dogo huangusha mashine kubwa, kwa sababu daftari lisilo na ukurasa mtupu haliandikiki.

Halafu huangalia kufuli. Mtu akiifungua kumbukumbu ili airekebishe, mashine huifunga ili mwingine asiiandike kwa wakati uleule. Sasa karani akiiacha kazi nusu akaenda kula, walio nyuma yake watapanga foleni bila ya kujua wanamngoja nani.

Na kama daftari halikugoma bali linakwenda kwa kujikokota, mara nyingi limekosa faharasa. Kulitafuta jina moja katika majina 1,000,000 yasiyopangwa ni kusoma ukurasa kwa ukurasa. Yakipangwa, ukawa unayagawa nusu kwa nusu, hatua 20 zinatosha.

Yote hayo huyafanya kwa kusoma daftari la matukio, ambamo mashine huandika kila lililoisibu. Wakubwa humpigia kelele: "Zima uwashe!" Lakini kuzima na kuwasha kwa pupa huweza kufuta ushahidi, na kesho maradhi yakarudi yaleyale. Haraka haraka haina baraka.

Hapa kwetu adui mwingine ni umeme. Hatujasahau kiza cha Unguja cha mwaka 2008, kilichoanza Mei na kudumu karibu mwezi mzima, wala kile kilichoanza Disemba 2009 kikafika Machi 2010. Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kuandika, kazi hubaki nusu. Ndiyo maana kanzidata nzuri huandika kwanza pembeni kile inachokusudia kufanya, kisha ndipo ikafanya. Umeme ukirudi, husoma maandishi hayo, ikakamilisha kilichothibitishwa na kukitengua kilichoishia njiani.

Lakini kinga hiyo haifui dafu diski ikiungua, au mtu akifuta kwa mkono wake. Hapo pamebaki nakala ya akiba tu, na hapa ndipo ninapotaka tupazingatie zaidi.

Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani, fundi mmoja aliyekuwa akihangaika usiku na hitilafu alifuta data kwenye mashine siyo. Katika gigabaiti 300 hivi, zilisalia kama 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta zile za kila siku zilikuwa zikishindikana bila ya mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua fundi yuleyule kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine. Kampuni haikumfukuza. Iliyaeleza yote hadharani, ikasema kasoro ilikuwa katika utaratibu.

Na tarehe 26 Septemba 2025, moto wa betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Ghala la nyaraka za watumishi wa umma, lenye terabaiti 858, likateketea, na nakala nje ya jengo haikuwepo. Nchi tajiri, yenye wataalamu tele!

Kwa hivyo, ndugu zangu, nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa ni matumaini tu. Na nakala iliyowekwa chumba kimoja na daftari lenyewe, moto mmoja utavila vyote viwili. Wenye ofisi wamuulize msimamizi wao maswali matatu: mara ya mwisho umeirudisha nakala lini? Imewekwa jengo gani? Na wewe ukiumwa, nani mwengine anajua kazi hii?

Swali la tatu lisidharauliwe. Ofisi nyingi humtegemea mtu mmoja, halali, na likizo hapati. Mtu aliyechoka ndiye anayefuta kwenye mashine siyo. Kumpatia msaidizi na siku ya kupumzika ni sehemu ya kulilinda daftari, sawa na kununua betri au diski. Mwaka ukipita bila ya sisi kulisikia jina lake, ameifanya kazi yake barabara, na huo ndio wakati wa kumpa shukurani na fedha za vifaa. Tusingoje daftari liungue.

Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa.