Uzio wa kijani, macho ya mtoto

Mzazi, kama unataka kuziba macho ya wapita njia kando ya njia ya gari, fikiria mara mbili kuhusu mnyaa. Ni rahisi kweli: unachomeka tawi tu, linaota hata kwenye ukame. Lakini likivunjika hutoa utomvu mweupe unaounguza macho na unaoweza kumpofusha mtoto kwa muda. Mimi ningechagua haibiskasi, au matete wakati inakua. Bogenvilia inapendeza, ila miiba yake na baiskeli za watoto haviendani.

Karibu na barabara, uzio usizidi goti, dereva amwone mtoto.

Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha mwahi hospitali.